Kutoka bamvua hadi maji mafu: duru mbili za ligi ya uvuvi wa ufukweni, KwaZulu-Natal

Ijumaa, Durban

Kabla ya kugusa rodi, shika kalamu. Ligi inayofuatwa kwenye safari hii ina duru kumi kwa msimu. Nane bora ndizo zinazohesabiwa, mbili mbovu zinafutwa. Alama zinatolewa kwa asilimia: aliyepata kilo nyingi kwenye duru anachukua 100, na kila mwingine anapata alama kulingana na kilo zake. Mshindi akiwa na kilo 80 na wewe una 20, umeondoka na alama 25. Hata angekuwa na kilo 300, mia yake ni ileile; ni wewe uliyeshuka.

Ukishinda duru mbili kwa papa wakubwa na kutoka kapa zilizobaki, una alama 200. Mwenzako anayeokota 40 kila mara ana 320. Ndiyo sababu mpango wa safari nzima unaanza na swali la samaki gani anapatikana kwa hakika katika maji ya siku hiyo. Samaki wa kutikisa pwani nzima anakuja baadaye.

Samaki hapandi mizani. Anapimwa urefu, anarudishwa majini, kisha urefu unageuzwa kuwa uzito kwa jedwali la aina yake. Hapa ndipo wengi wanapoteza au kuiba alama bila kujua, kwa sababu uzito unapanda karibu kwa kipeo cha tatu cha urefu. Ukikosea sentimita 5 kwa samaki wa sentimita 100, umekosea karibu asilimia 16 ya uzito wake.

Kibali cha uvuvi wa burudani kinanunuliwa posta, chini ya Sheria ya Rasilimali Hai za Bahari ya 1998. Kanuni za serikali ziko juu ya kanuni za ligi. Shadi, Pomatomus saltatrix, lazima afike sentimita 30, wanne tu kwa siku, na kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 30 Novemba hagusiki kabisa. Sasa ni Machi, kwa hiyo yupo kwenye hesabu.

Jioni ni ya chambo. Kwa mtu mmoja na duru yenye urefu wa saa sita: sadini kilo 2, vibua sita wazima, ngisi kilo moja. Tazama tumbo la sadini kabla ya kulipa. Likiwa limepasuka na macho yameingia ndani, hao wameganda, wakayeyuka, wakagandishwa tena. Nyama ya namna hiyo inaachia ndoana kwenye mrusho wa kwanza hata ukiifunga kwa uzi mwingi vipi.

Jumamosi, Zinkwazi: duru ya bamvua

Kilomita 90 hivi kaskazini mwa Durban. Tangu Januari 2002 magari yamepigwa marufuku fukweni Afrika Kusini, kwa hiyo kila kitu kinabebwa begani kutoka maegesho. Chubwi kumi na mbili za gramu 170 peke yake ni kilo mbili. Mwenye busara anabeba hizo, rodi mbili, sanduku la barafu dogo, turubai la kupimia, na maji ya kunywa. Rodi ya tatu inaachwa garini.

Mwezi umeandama juzi na tuko karibu na siku ambayo usiku na mchana ni sawa, wakati bamvua zinapokuwa kubwa kuliko zote za mwaka. Saa za bamvua za hapa hazitamshangaza mtu wa Mombasa au Unguja: maji yanapwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Tofauti ni kimo. Kwetu bamvua inaweza kukaribia mita 4. Hapa ni kama mita 2. Maji hayakimbii mbali, na ufuo unashuka kwa mteremko mkali.

Duru ni saa nane mchana hadi saa mbili usiku, lakini kazi ya kwanza inafanyika saa nne asubuhi, maji yakiwa yamekauka. Panda kwenye kichuguu cha mchanga, tazama chini. Mahali mawimbi yanapovunjika mapema na povu jeupe kubaki ndipo penye fungu. Mahali maji yana rangi nzito na wimbi linapita bila kuvunjika ni mfereji. Tafuta mlango, yaani pale mfereji unapokata fungu na kutokea nje. Hapo ndipo mkondo unapotoa mchanga na chakula, na hapo ndipo samaki wanapoingilia maji yakianza kujaa. Chomeka kijiti mchangani usawa wa mlango. Saa nane, maji yakiwa yamefunika kila kitu, ufuo wote utaonekana sawasawa na kijiti ndicho kitakachokusemea.

Ufungaji wa rodi ya kurusha: rodi ya mita 4.2, mshipi mkuu wa nailoni wa milimita 0.45 hadi 0.50, halafu mshipi wa mbele wa milimita 0.9. Huo wa mbele ndio unaobeba nguvu ya mrusho. Kwa chubwi ya gramu 170 usitumie mshipi wa mbele unaostahimili chini ya kilo 27. Urefu wake uwe mara mbili ya rodi, na ubaki umezunguka kwenye rili angalau mara tano kabla ya kurusha. Fundo lake liwe upande wa rili ulio mbali na kidole gumba. Likipita chini ya gumba wakati wa kurusha linachana ngozi.

Saa tisa upepo wa kaskazini-mashariki ulizidi na mkondo wa pembeni ukaanza kukokota. Chubwi laini za mviringo hazikukaa hata dakika mbili. Zile zenye miguu minne ya waya zilishika, kwa sharti moja: baada ya chubwi kugonga chini, toa mshipi zaidi, hatua kumi hivi, ndipo ukaze. Ukikaza mara moja mshipi unavuta chubwi kwenda juu na miguu haichimbi. Vilevile rusha kuelekea kule mkondo unakotoka, ili tumbo la mshipi lifanye kazi ya nanga.

Nusu saa ya kwanza ni ya kuondoa sifuri. Ndoana ndogo namba 1/0, kipande cha sadini chenye urefu wa kidole, mrusho mfupi ndani ya mfereji wa karibu. Shadi wanakuja hapo na povu. Hawana kilo nyingi, ila mshindi wa duru ngumu huwa na kilo chache pia, na asilimia inapanda haraka. Baada ya samaki mmoja kuandikwa, ndipo rodi kubwa inapopewa muda wake.

Giza lilipoingia papa wa kijivu, Carcharhinus obscurus, walianza kuchukua vichwa vya vibua kwenye ukingo wa nje wa fungu. Ni watoto wa papa, urefu wa mkono na kidogo. Makosa mawili yalijirudia kando ya ufuo. La kwanza, waya mfupi kupita kiasi: papa akijigeuza, ngozi yake inakata nailoni kama tupa. Waya uwe sentimita 40 angalau, na nailoni inayofuata iwe ya milimita 1.2 au zaidi. La pili, kupiga rodi kwa nguvu huku umetumia ndoana ya duara. Ndoana hiyo haitaki kupigwa. Kaza mshipi polepole, mwache samaki aondoke nao, nayo itajigeuza kwenye kona ya mdomo. Ukiipiga inatoka mdomoni ikiwa tupu.

Jumapili, Zinkwazi

Siku ya kukagua fomu. Picha tatu za vipimo za kikosi chetu zilikataliwa na mwamuzi, zote kwa sababu ileile: futi ilipinda juu ya mwili wa samaki. Futi inalala chini, imenyooka, samaki analazwa kandokando. Papa anapimwa kutoka ncha ya pua hadi kwenye kishimo kilicho mbele ya mkia, kwa sababu mkia wa papa unakunjika na hauwezi kuaminika. Taa anapimwa upana, ncha ya bawa hadi ncha ya bawa. Samaki wa mifupa kama kobu (jenasi Argyrosomus) na kolekole wanapimwa kama jedwali la aina yao linavyotaka, wengine hadi kwenye panda ya mkia na wengine hadi mwisho wake. Soma kichwa cha jedwali kabla hujaandika.

Papa wadogo wa jana wana historia inayofaa kujulikana na kila anayejaza fomu ya ligi. Durban iliweka nyavu za kuzuia papa mwaka 1952, na baadaye fukwe nyingine za mkoa zikafuata. Mwaka 1979 mtafiti Rudy van der Elst alichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za mashindano ya wavuvi wa pwani hii, akaonyesha kwamba papa wadogo walikuwa wameongezeka sana kwenye samaki wa mashindano. Maelezo yake yalikuwa kwamba nyavu ziliondoa papa wakubwa waliokuwa wakiwala wadogo. Data hiyo ilitoka kwenye fomu za wavuvi, karatasi zilezile ambazo watu wanazijaza leo kwa haraka, mikono ikiwa na maji ya chumvi. Andika aina kamili. “Papa” peke yake haimsaidii mtu.

Jumatatu, Mtunzini

Mwendo mfupi kaskazini, kupita Mto Thukela. Eneo hifadhi la bahari la uThukela lilitangazwa 2019 na lina kanda zenye kanuni tofauti, kwa hiyo mipaka iangaliwe kwenye ramani kabla ya kushusha mzigo.

Maji ni ya kahawia. Kobu wanayapenda hivyo, na usiku walikuja wawili kwa ngisi mzima aliyevishwa juu ya kipande cha kibua. Ngisi anafungwa hivi: kibua kinakatwa minofu, mfupa wa mgongo unatupwa, mnofu unalazwa kando ya shina la ndoana, ngisi anavutwa juu yake kama soksi, kisha uzi wa mpira unazungushwa mara kumi na tano kutoka juu kwenda chini na kurudi. Ncha ya ndoana ibaki wazi kabisa. Chambo kizuri chenye ncha iliyofunikwa ni chakula cha bure.

Jumanne na Jumatano, Mtunzini

Upepo uligeuka kuwa wa kusini-magharibi usiku wa manane, na mvua. Hakuna uvuvi wa maana. Mawimbi yamevunja mafungu yote na mifereji ya Jumatatu haipo tena. Muda ulitumika kutengeneza vifaa vya kuteleza kwa ajili ya St Lucia, na mbinu hii inastahili kuelezwa taratibu kwa sababu wavuvi wa Natal wameifanya kuwa yao na kwingineko haijulikani sana.

Shida yenyewe ni kwamba chambo kikubwa hakirushiki. Nusu ya jodari mdogo inashika upepo na kuanguka mita 40. Suluhisho ni kurusha chubwi peke yake, mbali uwezavyo, iishike chini. Kisha mshipi mwingine mfupi wenye ndoana na chambo unabanwa kwenye mshipi mkuu kwa kibanio kinachoteleza upande mmoja tu. Unaiinua rodi juu, unakaza, unaachia, na mawimbi yanakisukuma chambo kushuka hadi kwenye chubwi.

Vipimo vilivyofungwa: mshipi wa mbele wa milimita 1.0, mita 15 au zaidi, kwa sababu papa mkubwa atauzungushia mwilini. Mwishoni pete ya kuzunguka ya nguvu, halafu nailoni ya mita moja hadi chubwi yenye miguu. Pete ndiyo kizuizi: kibanio lazima kikifika hapo kisimame. Kama tundu la kibanio ni pana kuliko pete, kinapita na kwenda kukaa kwenye chubwi, na samaki akivuta anavuta chubwi. Jaribu kwa mkono mezani kila kibanio na kila pete. Viwili kati ya vilivyonunuliwa havikulingana, vikawekwa kando.

Mshipi wa ndoana: ndoana ya duara 10/0, waya wa nyuzi saba uliofunikwa plastiki wa kilo 120, sentimita 50, kisha nailoni ya milimita 1.6 ya mita moja na nusu hadi kwenye kibanio. Waya ukipinda pembe kali hata mara moja, utupe. Unyooshavyo ndivyo unavyozidi kuuvunja.

Mambo yanayokwamisha kuteleza ni matatu: mwani unaokusanyika kwenye kibanio, fundo la mshipi wa mbele lililo nene, na pembe ndogo ya mshipi. La tatu ndilo la kawaida ufukweni. Kwenye mwamba mrefu mshipi unashuka kwa pembe nzuri. Kwenye mchanga tambarare haushuki, na chambo kinaelea katikati ya mawimbi. Simama juu ya ukingo wa mchanga, siyo miguu ikiwa majini, na usiache kukaza na kulegeza mpaka uhisi kibanio kimegonga pete. Mgongano huo mdogo unasikika kwenye kidole.

Alhamisi, barabara ya N2 hadi St Lucia

Mtubatuba, kisha mashariki karibu kilomita 28. Hifadhi ya iSimangaliso iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1999. Lango lina saa zake, na kanda za kuvulia zina mipaka yake. Mlango wa mto haukaribiwi usiku: viboko wanatoka kula, tena wanapita hadi barabarani mjini, na mamba wamo. Papa wa Zambezi nao wanaingia kwenye maji ya mto. Hakuna alama inayolingana na hatari hiyo.

Ijumaa, St Lucia

Mapema asubuhi, ukaguzi wa ufuo. Bahari imetulia baada ya kusini-magharibi, na mafungu mapya yamejengeka. Maji ni safi, rangi ya chupa.

Mwezi sasa ni nusu. Maji mafu: yanapanda kidogo, yanashuka kidogo, mkondo ni mlegevu. Wengi wanayadharau. Kwa taa ni mazuri, kwa sababu chambo kinatulia mchangani na taa ni samaki wa kulala juu ya chakula chake. Kesho maji yatajaa mnamo saa tatu na nusu asubuhi, na duru ni saa kumi na mbili asubuhi hadi saa sita mchana. Saa mbili kabla ya kujaa na moja baada yake ndizo zinazotegemewa.

Jumamosi, St Lucia: duru ya maji mafu

Saa kumi na mbili na robo sifuri iliondolewa kwa kolekole mdogo kwenye sadini. Rodi ya pili iliingia mlangoni mwa mfereji ikiwa na nusu ya kibua na ndoana 8/0, bila kuteleza, kwa sababu taa wako karibu kuliko watu wanavyodhani. Mita 50 zinatosha.

Taa hachukui chambo kama papa. Kwanza rodi inaguswaguswa, kisha ncha inainama taratibu na kubaki hapo. Mpe muda wa kuhesabu hadi kumi, kaza, na uwe tayari kwa mbio moja ndefu. Akishagusa mchanga anajibandika chini na hakuna nguvu itakayomwondoa. Usiendelee kuvuta hadi mshipi ukatike. Tembea hatua thelathini kando ya ufuo, vuta kutoka pembeni, bawa litainuka na maji yatamfungua.

Saa tatu alitoka samaki ambaye kichwa chake ni cha taa na mkia wake ni wa papa, Rhynchobatus djiddensis, mwenye madoa meupe. Mwaka 2019 aliwekwa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka, na mwaka huohuo biashara yake ya kimataifa ikawekewa masharti chini ya mkataba wa CITES. Kwenye jedwali ana kilo nyingi, hivyo kishawishi cha kumvuta hadi mchanga mkavu ni kikubwa. Asivutwe. Watu wawili waliingia maji ya magoti, mmoja akashika mkia kwa kitambaa kilicholowa, mwingine akatandika turubai lililoloa. Futi ilikuwa imeshalazwa, kamera mkononi. Ndoana ilikatwa kwa koleo, picha moja na futi, picha moja na kadi ya duru, akarudi. Muda wote nje ya maji usizidi dakika mbili. Mwili mzito usioelea unajiponda wenyewe viungo vya ndani. Na samaki wa gegedu yeyote asinyanyuliwe kwa mkia, hata mdogo.

Mwenye mafunzo alimwekea kibandiko cha namba kwa mradi wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari ya Durban, unaoendeshwa tangu 1984. Sindano inaingia chini ya pezi la mgongo kwa pembe ya nyuzi 45 kuelekea kichwani, kisha kibandiko kinavutwa kidogo kuhakikisha kimeshika. Kadi ina namba, aina, urefu, mahali na tarehe. Mahali paandikwe jina la sehemu kamili pamoja na umbali kutoka alama inayojulikana.

Kuanzia saa nne maji yaligeuka na taa wakaisha. Hapo baadhi walibaki na vyambo vikubwa, wakingoja papa, hadi filimbi. Kwa mfumo wa asilimia uamuzi huo ni mbaya ikiwa una chini ya nusu ya kilo za anayeongoza, kwa sababu saa mbili zilizobaki zinatosha samaki wadogo wanne au watano wenye uhakika. Rodi za kikosi zilirudi kwenye ndoana 1/0 na vipande vya ngisi, mrusho wa mita 20 nyuma ya wimbi la kwanza. Kila mmoja alipimwa, akapigwa picha, akaachiwa kichwa kikiwa kimeelekea kwenye maji yanayoingia.

Fomu zinapokelewa hadi saa sita na nusu, na inayochelewa haihesabiwi. Kabla ya kuikabidhi linganisha vitu vitatu kwa kila mstari: namba ya picha, urefu ulioandikwa, na safu ya jedwali uliyosoma. Mstari wa papa uliosomwa kwenye safu ya taa ndio unaorudishwa mara nyingi kuliko yote, na ukirudishwa duru nzima ya mtu huyo inasimama hadi mwamuzi aione picha. Kadi za vibandiko zinaenda kwenye bahasha yake, kavu, kwa ajili ya Durban.